Tumbo la Waseme

Kama kuna mtu aliyewahi kugombana na tumbo lisilo lake wala la mkewe, ni Anselmo, seremala wa Kinondoni. Tumbo lilikuwa la mbwa. Na mbwa mwenyewe, aitwaye Waseme, siku hizo alikuwa hatembei tena, anajikokota. Kitambi kinafagia mchanga wa uani, akifika kivulini anajibwaga puu, ulimi nje, anahema kama aliyebebeshwa mzigo kwa miguu kutoka Tabora.

"Hebu mtazame," Anselmo alimwambia mkewe. "Mtazame, halafu uniambie kama huyu ni mbwa au gunia la mbata."

"Nimemtazama tangu asubuhi," alijibu Tekla, huku akichambua mchele. "Hapungui kwa kutazamwa."

Hayo ndiyo majibu ya Tekla. Mwanamke mpole, lakini ukimgusa anakukata bila kisu.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla. Mume na mke hao walikuwa Wanyamwezi, wamekuja Dar es Salaam kwa treni, na kwenye kapu la Tekla alikuwamo mtoto wa mbwa. Majirani wao Wazaramo, Waislamu wote, walishangaa: mbwa ni najisi, watu hawa wanalala naye chumba kimoja? Maneno yakawa mengi. Tekla akasema, waseme mpaka wachoke, na mbwa akapata jina.

Sasa basi, kunenepa kwa mbwa kungekuwa jambo la kucheka tu, isipokuwa lilikuwapo shamba. Huko Goba kwenye vilima, mwendo wa nusu siku kwa miguu, Jumbe Shomari alikuwa amempa Anselmo kipande cha ardhi alime mihogo. Hakumpa kwa sura yake nzuri. Nguruwe mwitu walikuwa wameimaliza mihogo ya Goba, watu wa kule hawapendi kufuga mbwa, na Jumbe alikuwa amemwona Waseme enzi zake, mbwa mwembamba, mkali, mwenye mbio. "Shamba hili nampa mbwa," Jumbe alisema. "Wewe umefuatana naye tu." Watu wakacheka, Anselmo naye akacheka. Lakini Jumbe hakuwa anatania.

Mihogo peke yake si kitu. Mgeni anaruhusiwa kupanda mihogo popote, anavuna, anaondoka. Mnazi ndio neno. Aliyeruhusiwa kupanda mnazi huyo si mgeni tena, ni mwenyeji, anajenga, anazikwa pale, watoto wake wanarithi. Na Jumbe alikuwa ameahidi: masika yakiisha kutakuwa na msako mkubwa wa nguruwe. Mbwa wa Anselmo akifanya kazi yake, Anselmo atapanda minazi na kujenga. Mbwa asipofanya, shamba atapewa mtu mwingine mwenye mbwa. Sheria ya msako ilikuwa fupi: kila mgeni aje na mbwa, na asiye na mbwa alete mtu wa kuingia kichakani mahali pa mbwa. Mtu gani mwenye akili zake ataingia kichakani kumbwekea nguruwe?

Kwa hiyo Anselmo alikuwa haoni mbwa mnene. Alikuwa anaona nyumba yake mwenyewe, ua wa Tekla, mlango aliouchonga kwa mkono wake, vyote vimelala chali kivulini vinahema.

Akaanza kazi. Alichukua uzi wake wa kiseremala, akauzungusha tumboni mwa Waseme, akapiga fundo: hapa ndipo tulipo, aibu tupu. Akapiga fundo la pili, ndani zaidi, pale ambapo tumbo la mbwa mzima lilipaswa kuwa. Halafu akatoa amri. Ugali wa mbwa ukatwe nusu. Makoko ya wali marufuku. Mifupa ya Jumapili, marufuku. Alfajiri, kabla ya kwenda kwenye karakana ya Mhindi aliyemwajiri, akawa anamfunga Waseme kamba na kumtembeza mpaka Mwananyamala na kurudi.

Kumtembeza! Yeye ndiye aliyekuwa anatembea. Waseme alikuwa anavutwa. Kila mti lazima anuse, kila kivuli lazima alale, na akishaamua kulala hata umwite kwa majina ya watakatifu wote haamki. Wanawake waliokwenda kisimani walikuwa wanasimama na ndoo zao kutazama mwanamume mzima anavyombembeleza mbwa kwa Kinyamwezi.

Wa kwanza kucheka kila siku alikuwa Kondo, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Kondo alikuwa mkwezi wa minazi, mkewe anakamua mafuta ya nazi, na kwao machicha yalikuwa yanamwagwa nyuma ya nyumba kwa makapu. Na Kondo ni Mzaramo, Anselmo ni Mnyamwezi. Nani asiyejua kwamba hao ni watani tangu enzi za misafara? Mtani anaruhusiwa kukutukana, kuchukua kuku wako, kukaa kiti chako. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika unatozwa jogoo, na utachekwa mpaka na wajukuu zako.

"Mtani!" Kondo alikuwa anaita juu ya ua wa makuti. "Mbwa wako ana miezi mingapi sasa? Nimwite mkunga?"

"Mbwa huyu dume, wewe kipofu."

"Kwenu bara labda madume ndiyo yanayozaa. Mie nauliza tu."

Anselmo alikuwa anauma meno na kucheka. Afanyeje? Zaidi ya hayo, Kondo si mtu wa kumkasirikia. Mtoto wa kwanza wa Anselmo na Tekla alipofariki, kabla hajaanza hata kutambaa, Anselmo alisimama makaburini kama gogo, machozi hayatoki, neno halitoki. Kondo akarukia ndani ya kaburi, akalala mle, akasema hatoki, kaburi zuri hili ni lake, Wanyamwezi waende wakachimbe lingine kwao. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Anselmo akacheka, na kwa kicheko hicho machozi yakafunguka, akalia mpaka akapata nafuu. Kondo akatoka kaburini, akampokea mtoto kwa mikono yake miwili, akamlaza.

Basi wiki zikapita. Anselmo akaleta uzi, akaupima. Lo! Ncha ya uzi haikufika hata kwenye fundo la kwanza. Tumbo lilikuwa limezidi.

"Tekla!"

"Abee."

"Unampa nini mbwa huyu?"

"Ulichosema nimpe."

"Haiwezekani. Nusu ugali, matembezi kila siku, na bado ananenepa? Anakula upepo?"

Tekla aliweka ungo chini. "Anselmo. Mie ndiye ninayekaa chini ya paa hili linalovuja mchana kutwa na usiku kucha. Mie ndiye ninayeomba ruhusa ya mwenye nyumba nikitaka kupanda mchicha. Kuna mtu anayeitaka Goba kuliko mie? Uniambie."

 Lakini Anselmo hakuamini, na hilo likamuuma Tekla, na kwa siku kadhaa nyumba ile ikawa na watu wawili wasiosemeshana na mbwa mmoja anayekoroma katikati yao kwa raha zake. Yarabi, mbwa yule alikuwa na usingizi! Anselmo akapunguza ugali tena. Waseme akanenepa tena. Mtu angeweza kulia.

Siri ilitoka msikitini, amini usiamini.

Yule Mhindi alikuwa anafunga karakana Ijumaa adhuhuri. Anselmo anarudi zake nyumbani, anakuta watu wamejaa nje ya msikiti, sala imekwisha, na mwadhini kasimama mlangoni na fimbo mkononi.

"Wewe! Mwenye mbwa! Njoo utoe haramu yako hapa!"

Anselmo alipenya katikati ya watu, uso unamwaka kwa aibu. Pale mlangoni, viatu vya waumini vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, ndara, makubadhi, viatu vya ngozi vya matajiri. Na katikati ya viatu vyote hivyo, Waseme alikuwa amelala fofofo, kifua na kidevu vimelalia jozi moja tu ya makubadhi. Akiguswa na fimbo ananguruma, anayakumbatia zaidi. Anayalinda.

"Makubadhi haya ya nani?" Anselmo aliuliza.

 Watu wote, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kumtazama Kondo, aliyesimama nyuma kabisa, peku, anatazama juu kwenye paa kana kwamba ameona bundi.

"Ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini," alisema mwadhini. "Nimekuwa nikisema methali hiyo miaka yote, sikujua kwamba nitaiona kwa macho."

Kumbe! Mbwa halindi viatu vya mtu asiyempa chakula. Anselmo alimvuta Waseme mpaka nyumbani, akamsubiri Kondo, na mtani alipofika, akamwongoza moja kwa moja nyuma ya nyumba yake. Kila kitu kilikuwa pale. Kifuu kimefungwa kwenye ufito mrefu, ili mtoaji asiguswe na pua ya mbwa. Sufuria kuukuu imerambwa mpaka inang'aa. Na machicha, vichwa vya dagaa, makoko, mabaki ya wali wa nazi, vimechanganywa vizuri kama pilau la harusi.

"Tangu lini?" Anselmo aliuliza.

"Tangu uanze kumnyima," alisema Kondo. "Kabla ya hapo alikuwa anakula machicha tu, kwa kujiokotea."

"Kondo. Unajua maana ya mbwa huyu kwangu. Unajua habari ya Goba."

"Najua."

"Halafu?"

"Nilimwonea huruma," alisema Kondo, na hakumtazama usoni. Kisha akakumbuka utani wake, akacheka kidogo. "Unakasirika, mtani? Nikachukue jogoo?"

 Mishipa ya shingo ilimtoka Anselmo. Amemshuku mkewe bure, mbwa amejazwa kama mto wa usufi, msako umekaribia, na yeye haruhusiwi hata kutukana tusi moja la kweli! Akaingia ndani, akamwomba Tekla radhi. Tekla alimsogezea kigoda akae. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini cha nguoni unakipiga kofi. Cha utani unakichekea.

Siku zilizobaki Waseme alifungwa kamba mlangoni, mlo mmoja, matembezi asubuhi na jioni. Kondo hakusogea tena na kifuu chake. Na kweli, tumbo likaanza kurudi, fundo la kwanza likapitwa kidogo. Lakini kitambi cha miezi hakiondoki kwa siku za kuhesabu vidoleni, na Jumbe Shomari hakuahirisha msako kwa ajili ya mbwa wa mtu.

Walikwenda Goba. Kondo naye alikuja, amevaa msuli mpya, akisema anataka kuona Wanyamwezi wanavyokimbizwa na nguruwe. Watu wa Goba walikuwa wametandaza nyavu chini ya kilima, wameshika mikuki na marungu. Mbwa wa wageni wengine walikuwa wanavuta kamba, wanalia kwa hamu. Waseme alikuwa amefika juu kwa kusukumwa.

"Mfungulie," alisema Jumbe.

Anselmo akamfungulia. Na Waseme, haki ya Mungu, alijaribu. Alisikia harufu, masikio yakasimama, akakimbia kama zamani, hatua za mwanzo watu wakashangilia. Akafika ukingoni mwa kichaka. Miguu ikamlegea. Akakaa, akalala, akamtazama bwana wake kwa macho ya kuomba radhi.

Jumbe alitikisa kichwa. "Huyu si mbwa tena, fundi. Kama huna mbwa na huna mtu, basi."

Basi. Neno dogo, na ndani yake nyumba imekwisha. Tekla alikuwa amesimama nyuma na kapu la chakula, anajifunga khanga upya. Ndipo Anselmo, ambaye alikuwa amemeza hasira tangu masika, akageuka, akanyoosha kidole.

"Mbwa ninaye! Mbwa wangu yule pale, aliyevaa msuli mpya! Waseme kamnenepesha nani? Yeye. Nguvu za Waseme kazichukua nani? Yeye. Mtani Kondo, mie Mnyamwezi nakutaka mbele za watu: ingia kichakani ubweke!"

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika mpaka bondeni. Hata Jumbe alishika mbavu. Kondo alitazama kichaka, akamtazama Anselmo, muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Akavua makubadhi, akaufunga msuli kiunoni, akatupa kichwa nyuma.

"Hou! Hou! Hou!" akaingia.

Ilikuwa ajabu. Mkwezi yule alipenya miiba ile kama ngedere, anabweka, anapiga vigogo, mara kulia, mara kushoto, anatukana nguruwe na babu zao. Mbwa wengine wakachangamka kwa sauti yake. Kichaka kikatikisika, na nguruwe wakatoka, kundi zima, watoto kwa majike, moja kwa moja kwenye nyavu. La mwisho lilikuwa dume kubwa lenye meno yaliyochomoza, na Kondo alitoka mbele yake, si nyuma, anabweka kwa sauti ya juu sana, mpaka akadandia mti wa kwanza aliouona.

Alipoteremka, msuli ulikuwa matambara na goti linavuja damu. Jumbe Shomari alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Panda minazi yako, fundi," alisema. "Mbwa kama huyu sijapata kumwona."

Njiani kurudi Kinondoni, Tekla alitangulia, anaimba. Waseme alifuata. Anselmo na Kondo walikuwa nyuma, Kondo anachechemea, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtania mwenzake.

"Sikumwonea huruma," alisema Kondo ghafla.

"Nini?"

"Mbwa wako. Sikumpa chakula kwa huruma. Nilitaka Jumbe akunyime shamba."

Anselmo alisimama. "Nimekukosea nini?"

"Ungehama," alisema Kondo. "Ndiyo unahama. Sasa Kinondoni nabaki na nani? Mke wangu ananiheshimu. Watoto wananiamkia shikamoo. Watu wote pale wananiheshimu mpaka nachoka, Anselmo. Nani atanitukana mie? Na nikifa, nani ataingia kaburini mwangu awachekeshe watu?"

"Mpumbavu wee! Kwa nini hukusema?"

"Watani wanabembelezana tangu lini?"

"Na leo uliingia kichakani kwa nini, kama ulitaka ninyimwe? Si ungekataa tu?"

Kondo alijifuta damu gotini. "Niliona uso wako pale Waseme alipolala. Nimewahi kuuona uso ule, makaburini. Sikutaka kuuona tena."

Anselmo alitembea kwa hasira, mbele, peke yake, anaongea na miti. Kisha akarudi. Macho yalikuwa yanamchoma, na alijikasirikia kwa hilo pia.

"Sikiliza," alisema. "Umemnenepesha mbwa wangu, utampunguza wewe. Nikihamia Goba, kila Jumamosi unakuja kwa miguu yako, unamkimbiza vilimani, mpaka tumbo lake likutane na fundo la pili kwenye uzi wangu. Siku litakapokutana, umemaliza deni. Kabla ya hapo, nitakudai mpaka ahera."

"Goba yote hiyo, kila Jumamosi?"

"Goba ni Ulaya? Miguu umeazima?"

Basi wakahamia Goba. Kondo alikuja Jumamosi ya kwanza na miche ya minazi begani, analalamika. Akaja ya pili, analalamika. Mvua, jua, alikuja, akamkimbiza Waseme kupanda na kushuka, huku akimtukana mwenye mbwa kwa sauti ya kusikika kijiji kizima. Walirudi wote wawili ndimi nje, wakala wali wa Tekla, mbwa kwa kipimo, Kondo bila kipimo. Na tumbo likaenda likiisha. Waseme akaanza kukimbia mwenyewe, kisha akaanza kumwacha Kondo nyuma. Siku moja alimkimbiza kenge mpaka mtoni.

Jumamosi hiyo, minazi ilikuwa imeshika udongo. Anselmo alitoa uzi mfukoni, akapiga magoti, akauzungusha tumboni mwa Waseme. Ncha ya uzi ilikutana na fundo la pili sawasawa, bila kuvuta. Mbwa mzima.

Kondo alikuwa amesimama juu yake, anasubiri, kofia mkononi. Hakutania.

Anselmo aliliangalia lile fundo. Polepole akaliziba kwa kidole gumba.

"Bado," alisema.

"Bado?"

"Bado kidogo. Mafuta ya nazi hayatoki upesi. Jumamosi ijayo uje tena."

Kondo aliinama. Alikitazama kidole kile, akamtazama mbwa, mbavu zake zinavyohesabika, kiuno chake kilivyo chembamba. Akavaa kofia yake vizuri.

"Hata mie naona bado," alisema. "Tena mbwa huyu mkaidi. Naona hata mwakani hatakuwa amepungua."